Doa Lililokuwa Babu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na picha moja tu ya marehemu mume wake, na picha yenyewe ilikuwa doa.

Lilikuwa doa la kijivu, refu kidogo, limesimama nyuma ya lori lililokwama kwenye matope, ndani ya filamu ya wazungu iliyopigwa huku kwetu chini ya mlima wakati mama yangu bado ananyonya. Wazungu hao walikuja na magari na masanduku, wakaajiri vijana wa Nkoaranga na vijiji vya jirani wabebe, wafyeke, wachote maji na wasukume kila kitakachokwama. Babu akawa mmoja wao. Alifanya kazi msimu mmoja, akarudi nyumbani na blanketi na kikohozi, na kabla kahawa ya mwaka uliofuata haijaiva alikuwa ameshazikwa. Picha ya kawaida, ya karatasi, aliwahi kupigwa moja, kwenye harusi ya watu, kasimama katikati ya kundi. Mchwa waliila wakabakiza kiwiko cha mtu mwingine.

Ikabaki filamu, nayo ilikaa huko ilikokaa miaka mingi bila sisi kuiona. Enzi za ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika na kila mwenye ndugu Nairobi akaanza kuota deki ya video, mwalimu mmoja mstaafu aliupata mkanda wake, akauonyesha uwanja wa kanisa kwa umeme wa betri ya gari. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, nimelala fofofo, lakini nimesimuliwa mara nyingi mpaka nakumbuka. Hadithi ni ya mzungu anayemtafuta kaka yake aliyepotelea mlimani, na kila akikaribia kumpata anasimama kwanza kumbusu mwanamke. Katikati ya safari lori linakwama. Watu saba wanasukuma, wametugeuzia migongo. Nyuma yao, upande wa kushoto, ndipo doa liliposimama. Bibi aliinuka katikati ya watu akasema kwa sauti, "Yule asiyesukuma ni mume wangu."

Siku ile hakuna aliyembishia. Aliyebisha alikuja kesho yake asubuhi, akavuka mfereji wa maji unaopita chini ya migomba yetu. Alikuwa mjane mwenzake, ambaye mume wake naye alibeba masanduku ya wazungu wale wale. Sisi watoto tulimwita Bibi wa Ng'ambo, kwa kuwa nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji.

"Lile doa ni langu," alisema kabla ya kusalimia. "Limeshika fimbo. Wako alishika fimbo lini?"

"Siyo fimbo, ni jembe."

"Jembe la nini kwenye sinema?"

"Na fimbo je? Alikuwa anachunga lori?"

Ugomvi huo ulidumu zaidi ya miaka ishirini. Waliazimana chumvi, walizalishiana wajukuu, walizika pamoja, na kila Krismasi waliketi kwenye benchi moja mbele ya doa lile, kila mmoja akilia machozi yake. Kana kwamba hiyo haitoshi, kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, mzima wa afya, ambaye alishikilia kwamba doa lile ni yeye.

"Hao wanawake wananizika nikiwa hai," alilalamika. "Mimi ndiye niliyesimama pale. Nani anijue kuliko mimi?"

"Wewe ulikuwa mfupi," bibi alimwambia.

"Nilisimama juu ya jiwe."

"Jiwe liko wapi? Mbona hatulioni?"

"Utalionaje na mimi nimesimama juu yake?"

Mwalimu alipohama, mkanda alimwachia bibi. Nikakua nao. Niseme ukweli, ile haikuwa filamu, ilikuwa mvua. Chenga zilishuka juu mpaka chini kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nyuso zilikuwa za kijani, hivyo mpaka nafika darasa la tatu niliamini kwamba wazungu wa zamani walikuwa kijani na wamepauka kwa kukaa sana ndani. Mjomba ndiye aliyekuwa fundi wetu. Alisafisha hedi ya deki kwa pamba na spiriti, akaingiza mkanda, na lori likifika kwenye matope aligandisha picha. Doa lilitetemeka pale katikati ya chenga, nasi tukalitazama mpaka bibi atosheke.

Hatukujua kwamba mkanda ukigandishwa mahali pamoja kila mwaka, unalika mahali pale pale. Waliokuwa wakibusiana walibaki vilevile, na mlima ulibaki vilevile, lakini babu alizidi kukonda. Nilipofika miaka kumi na tano hakuwa na kichwa. Tulikuwa tunammaliza kwa kumtazama.

Shule mimi niliishia kidato cha pili. Hisabati na mimi tuliachana kwa amani, bila kutoleana maneno. Nikashuka mjini kufanya kazi kwenye duka la kukodisha kanda, ambalo baadaye likawa la CD, ambalo baadaye likawa la CD na vocha na chapati. Nilifurahi mno. Nilikuwa na daftari nililoandikia filamu zangu nitakazotengeneza nikipata kamera, na zote ziliishia kwenye harusi, hata ile ya jambazi. Wateja walikuwa wa kila aina, na mmoja wao alikuwa dereva wa watalii, mtu wa maneno mengi, ambaye nilimsimulia habari za doa letu siku moja mvua ilipomzuia dukani.

Baada ya miezi kadhaa alirudi na kasha la bluu lenye CD ndani. Juu yake kulikuwa na lori letu.

"Mdogo wangu, mgeni wangu mmoja mzee ameniachia hii," alisema. "Filamu yenu hiyo hiyo. Wameisafisha."

"Wameisafisha na nini?"

"Wamechukua filamu yenyewe ile ya awali, siyo mkanda, wakaiosha picha moja moja. Mikwaruzo wanaitoa kwa kompyuta. Mgeni anasema unaweza kuhesabu vipele vya mtu."

Nilikaa chini. Niliwaona wasichana kama mimi, huko ng'ambo, wamejipanga kwenye meza ndefu na miswaki midogo, wakisugua nyuso. Mmoja wao alikuwa amemsugua babu yangu bila kumjua. Nilimpenda sana huyo msichana. Mpaka leo simjui, na huenda hayupo.

Ijumaa hiyo nilipanda Nkoaranga na kasha ndani ya kanga. Bibi alikuwa jikoni anapika loshoro, ya mahindi na maziwa mgando. Nilimwamkia, nikamweleza. Nilidhani ataruka. Akaendelea kukoroga chungu.

"Mtaona uso?" aliuliza mwishowe.

"Kila kitu, bibi. Hata vipele."

"Hakuwa na vipele." Akaweka mwiko chini. "Nikwambie jambo, usimwambie mjomba wako. Nimeusahau. Sauti yake ninayo, harufu ya blanketi lake ninayo, hata matusi yake ninayo. Uso umeondoka. Nikifumba macho naona lile doa."

Mimi ni mtu wa kulia kwa mambo madogo, na hilo halikuwa dogo. Nikalia, nikasingizia moshi.

"Basi usilie, utaharibu loshoro," bibi alisema. "Jumapili tuitazame. Na yule wa Ng'ambo aje. Nataka aone kwa macho yake, anyamaze mpaka kufa."

Tatizo lilikuwa mahali pa kuonea. Deki yangu ya dukani nilipoitilia ile CD iliitema kama mtoto anavyotema kwinini. Ilitaka deki ya aina yake, na deki ya aina yake ilikuwa Moshono kwa mjomba. Mjomba alikuwa amefanikiwa. Alinunua mahindi na maharage Ngaramtoni siku za soko akauza mjini, na soko huria lilimpenda naye akalipenda. Alikuwa amejenga nyumba ya vigae, na kwenye sebule ya nyumba hiyo alikuwa ametundika flati skrini ya inchi arobaini na mbili. Idadi hiyo ya inchi aliitaja hata kwenye salamu za rambirambi.

Jumapili baada ya ibada alikuja kutuchukua kwa pikapu. Mabibi wawili walikaa mbele, kimya, mkoba mmoja kati yao. Mzee wa kanisa, ambaye hakualikwa, alikuwa ameshapanda nyuma na kiti chake cha plastiki, kavaa suti.

"Wewe unaenda wapi?" bibi alimuuliza.

"Naenda kujiona," alijibu.

Sebuleni tulipokewa vizuri, tukanyweshwa soda, tukapangwa kwenye makochi. Mke wa mjomba alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma juu ya tivii, kama alivyozoea tangu enzi za tivii yenye kisogo. Hii mpya haikuwa na kisogo, kitambaa kilikosa pa kukaa, kikaning'inia mbele na kufunika robo ya picha. Nikakitoa. Kisha nikaona kwamba skrini nzima bado imevaa nailoni yake ya dukani.

CD ikaanza. Ilikuwa na rangi! Majani yalikuwa ya kijani na wazungu wekundu. Lakini kila kitu kilikuwa kama kinaonekana kupitia supu. Lori lilipofika kwenye matope, nikagandisha. Nyuma ya migongo saba, kushoto, doa lilikuwa pale pale. Limenenepa, limepata rangi ya kahawia, lakini lilikuwa doa.

"Mnaona?" alisema Bibi wa Ng'ambo. "Fimbo."

"Jembe," alisema bibi, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Mjomba," nilisema, "ni nailoni. Tuitoe."

Mjomba aliruka kama nimesema tuling'oe paa.

"Nailoni haitoki! Nailoni ndiyo upya wenyewe. Ukiitoa tu, hii inakuwa tivii iliyotumika."

"Umeinunua mwaka juzi, mjomba."

"Na bado mpya! Kwa sababu gani? Kwa sababu ya nailoni."

Bibi hakumtazama. Alimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo sitaliandika, na mbele ya mke wake. "Vua hilo koti la tivii," alisema. "Nataka kumwona baba yako."

Mjomba alikuwa na miaka minne baba yake alipofariki. Alisimama kidogo, kisha akaenda kwenye kona ya skrini, akaanza kubandua kwa ukucha, polepole, kama mtu anayetoa plasta kwenye kidonda chake mwenyewe. Nailoni ikaachia kwa mlio mrefu. Akaikunja vizuri akaiweka chini ya kochi.

Sijui niwaelezeje. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha ukutani. Uliona matone ya matope hewani. Uliona nyuzi za mashati. Nikarudisha nyuma kidogo ili tulifikie lile tukio kwa mwendo wake, na hapo tukaona mambo ambayo nadhani wenye filamu hawakutaka tuyaone. Masharubu ya yule mzungu yalikuwa yamebandikwa, na gundi ilimeta. Chui aliyetutisha miaka ishirini alikuwa na mshono tumboni. Na mlima wetu, Meru yetu ambayo kila mtu aliipigia makofi uwanja wa kanisa, ilikuwa imechorwa kwenye shuka, na shuka lilikuwa halijapigwa pasi.

"Wamekuja mpaka hapa," alisema Bibi wa Ng'ambo, "mlima wanauona, halafu wakachora mwingine?"

"Labda wa kwetu ulikuwa na mawingu siku hiyo," nilisema.

"Si wangesubiri!"

Kisha lori likakwama. Migongo saba ikainama. Nikabonyeza rimoti, picha ikaganda bila kutetemeka hata kidogo.

Doa lilikuwa pipa.

Pipa la mafuta, lenye kutu, limesimamishwa kwenye nyasi. Mtu alikuwa amelivalisha koti lake lisichafuke, na juu ya pipa ameweka sufuria, chini juu. Ile fimbo, au jembe, ilikuwa mpira wa kunyonyea mafuta.

Nje kuku wa mjomba walikuwa wakiparua. Nilianza kukumbuka, bila kutaka, mambo tuliyolifanyia lile pipa. Tuliliombea. Nilipofaulu darasa la saba nilipelekwa mbele yake nikaonyesha cheti. Dada yangu mkubwa alipoolewa, mahari ilipokwisha kupokewa, mkanda uliwekwa ili pipa lijue.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa mzee wa kanisa.

"Mimi nilikuwa nyuma ya pipa," alisema.

"Nyamaza, mzee mwenzangu," alisema Bibi wa Ng'ambo, taratibu. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema kitu taratibu. "Wote watatu tumekuwa pipa. Tunyamaze."

Bibi alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake. Kitenge, mkoba, kibuyu cha maziwa ambacho alikuwa amemletea mkwewe. Alikiweka kibuyu mezani, akakichukua tena, kama hajui ni cha nani. "Nirudisheni nyumbani," alisema. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Nilifikiri: amekuja na doa, anaondoka bila hata doa. Na aliyemletea haya ni mimi na kasha langu la bluu. Yule msichana wa miswaki ningekuwa naye karibu ningempigia magoti arudishe uchafu.

Nikashika rimoti nizime. Macho yangu yalikuwa kwa bibi, nikabonyeza kitufe kingine. Picha ikanywea. Mistari miwili mieusi ikatokea, mmoja juu, mmoja chini, na picha ikabaki imelala katikati kama ubao.

"Wee!" mjomba alipiga kelele. "Inchi zangu! Rudisha! Fundi alipoifunga nilimwambia nataka ijae, sikununua mistari mieusi mimi!"

"Mjomba, ngoja."

"Nimelipia arobaini na mbili!"

"Mjomba, angalia pembeni."

Kwa sababu picha ilikuwa imenywea kwa juu lakini ilikuwa imeongezeka kwa pembeni. Fundi wa mjomba alikuwa ameivuta ili ijae, na alipoivuta alikata ubavu huu na ubavu huu. Na mkanda wetu wa zamani nao, nilikuja kuambiwa na yule dereva, ulikuwa umekatwa hivyo hivyo ili uingie kwenye tivii za zamani zilizokuwa za mraba. Filamu yenyewe ilikuwa pana. Miaka yote tulikuwa tunachungulia kupitia tundu la katikati.

Upande wa kulia sasa kulikuwa na lori la pili, zima, limeegeshwa. Chini ya lori, kwenye kivuli, mtu mmoja alikuwa amelala chali. Wenzake saba wanakufa na matope, yeye amelala. Kofia amejifunika usoni. Goti moja limesimama juu, mguu wa pili umenyooka mpaka kwenye jua, peku, unyayo umetukabili.

Bibi aliweka mkoba chini.

Akasogea mpaka kwenye skrini, karibu kabisa, pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa kitenge. Mjomba hakusema lolote kuhusu kioo.

"Goti," alisema bibi. "Kila siku nalilaza, kila siku linaamka."

"Mama, watu wengi hulala hivyo," mjomba alisema.

"Tazama kidole."

Tukatazama. Mguu uliokuwa juani ulikuwa wa kushoto. Ulionekana vizuri kuliko nilivyowahi kuuona wangu mwenyewe: ufa wa kisigino, udongo kati ya vidole, na kidole cha mwisho kimempanda mwenzake mgongoni kama mtoto anayebebwa.

Nikavua viatu vyangu vya kanisani. Mguu wa kushoto, kidole kidogo, juu ya mwenzake. Nilizaliwa hivyo, mama yangu alizaliwa hivyo, na tuliambiwa ni viatu. Mjomba, mfanyabiashara wa mahindi, mwenye nyumba ya vigae, alikaa kwenye zulia akavua soksi. Akaupandisha mguu mpaka karibu na skrini, akajishika kwenye kochi asianguke, akawa anatazama wake, anatazama ule, anatazama wake.

"Baba alikuwa mvivu," alisema. Uso wake wote ulikuwa umelowa. "Mama, hukuniambia kwamba baba alikuwa mvivu."

"Alikuwa anapumzika," bibi alisema.

"Wangu hakuwahi kulala kazini," alisema Bibi wa Ng'ambo kutoka kwenye kochi.

"Wako alikuwa pipa."

Nilifikiri sasa wataumana. Lakini Bibi wa Ng'ambo alicheka, kicheko kikamshika mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga, na alipomaliza kufuta akaendelea kufuta. Bibi alimwona. Akamshika mkono akamvuta mpaka mbele ya tivii.

"Migongo ipo saba," alimwambia. "Mmoja lazima ni wa kwako. Chagua."

"Nichague?"

"Chagua mgongo. Wewe si uliusugua?"

Bibi wa Ng'ambo akainama, akachunguza mgongo mmoja baada ya mwingine, jasho, viraka, mashimo ya mashati. Alichukua muda, kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi. Alipofika wa tatu alisita, akaenda mpaka wa saba, akarudi.

"Huyu," alisema. "Hicho kiraka nilikishona mimi. Ona kilivyoshonwa vibaya. Nilikuwa nimemkasirikia."

"Na huyo wa pembeni yake," mzee wa kanisa alisema, "mfupi mfupi..."

"Huyo ni wewe," mabibi walisema kwa pamoja, na mzee akakaa chini ya kiti chake cha plastiki, yaani juu yake, nimechanganya, hata yeye alikuwa amechanganyikiwa.

Jambo moja lilikuwa linanisumbua. Tulipokuwa tunakula, nilimwinamia bibi sikioni.

"Bibi, lakini uso bado hatujauona. Si kajifunika kofia?"

"Ninyi ndio aliowafunikia," alisema, akinimenyea ndizi kana kwamba nina miaka mitatu. "Pale chini mdomo uko wazi. Jicho la kushoto halijafumba vizuri, halikuwa linafumba. Nyusi zimekutana. Hapa kwenye kidevu kovu la ng'ombe." Alifumba macho yake hapo hapo mezani, akakaa hivyo, akitabasamu kidogo. "Yupo," alisema.

Wiki iliyofuata tulikwenda studio ya picha mjini, mimi na bibi na lile kasha, tutoe picha ya kutundika. Fundi wa studio alikuwa kijana mchangamfu, mzoefu wa kuwavalisha marehemu suti na kuwasimamisha mbele ya maporomoko ya maji. Alimtoa babu kwenye kompyuta, akamkuza, akageuka kwetu kwa fahari.

"Bibi, shikamoo tena. Huyu mzee naweza kumtoa kofia nikamtengenezea sura nzuri. Nina sura nyingi hapa. Pia naweza kumsimamisha."

"Sura ninayo," bibi alisema. "Na usimsimamishe, amechoka."

"Basi niache hivi hivi?"

Bibi alikaza macho kwenye kioo cha kompyuta. Nikaona kuna kitu kinamkera.

"Hilo lori," alisema. "Litoe. Miaka yote hiyo kalala chini yake. Siku likiondoka je?"

Fundi alinitazama. Mimi nikatazama dari. Akafanya kazi saa nzima, akafuta magurudumu, bodi, mlango, taa, akapanda nyasi mahali pake. Kilichomshinda ni kivuli. Kila akikifuta, babu naye alififia, kwa kuwa alikuwa ndani yake. Alisema angeweza kukitoa, ila mpaka kesho, aje na programu nyingine.

"Kiache," bibi alisema. "Jua la kule chini ni kali."

Hivyo ndivyo babu alivyo sasa: amelala kwenye kivuli kikubwa cha mraba, katikati ya nyasi tupu, na hakuna kitu chochote kinachokitoa kivuli hicho. Bibi alikataa atundikwe juu pamoja na picha za kipaimara na za harusi. Alisema mtu aliyelala ukimweka juu ataanguka. Msumari ukapigwa chini, usawa wa godoro lake, na anayetaka kumwona inabidi achuchumae. Mchungaji amechuchumaa. Mjomba huchuchumaa kila akija, na soksi anavua kabla hajaambiwa.